Lipidi za ini lenye afya na za uvimbe wa saratani ya ini

Mafuta katika ini lenye afya hayazidi takriban asilimia 5 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya lipidi zake (mafuta na vitu vya jamii yake) ni fosfolipidi zinazojenga utando wa seli, hususan fosfatidilikolini. Nyingi kati ya hizo hubeba asidi za mafuta zenye vifungo maradufu kadhaa kati ya atomi zake za kaboni, kama asidi arakidoniki, ambazo asili yake ni chakula. Mafuta mapya hutengenezwa hasa baada ya mlo, insulini inapopanda.

Katika saratani ya seli za ini, utengenezaji huo aghalabu huendelea bila kusubiri mlo. Kwa kuwa seli zetu, zikianza na sukari, huweza kuunda asidi zilizoshiba, yaani zisizo na kifungo maradufu, na zenye kifungo maradufu kimoja tu, kama oleiki, utando wa uvimbe huelemea upande huo, huku zenye vifungo vingi zikipungua. Badiliko hili, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko wingi wa matone ya mafuta, ambao hutofautiana mno kati ya uvimbe mmoja na mwingine: asidi zenye vifungo vingi huoksidishwa upesi, hivyo seli iliyopungukiwa nazo hustahimili mashambulizi ya oksidisho ambayo yangeiua seli ya kawaida.

Ulinganisho wenyewe unahitaji tahadhari, kwani tishu iliyo kando ya uvimbe, ambayo mara nyingi ndiyo hutumiwa kama kigezo, huenda tayari ina sirosisi (makovu ya ini) au virusi vya homa ya ini aina ya B.