Trekta ya modeli, Ferguson ya kijivu skeli 1:16, imefika: angalia mikono ya nyuma inavyofanya kazi!

Niaje wadau, karibuni tena. Mzigo umefika, huu hapa mezani, modeli ya trekta ya Ferguson TE20 ya kijivu, skeli 1:16, yaani ndogo mara 16 kuliko ya kweli, na hii ndo inakaa katikati kabisa ya makumbusho yetu madogo ya mashine za kilimo za zamani. Mambo ya injini na rangi mnayajua, tumeyaongea sana kwenye komenti, mi leo nataka muone nyuma. Nyuma tu.

Subirini nisogeze kamera. Haya. Mnaiona hii mikono? Miwili chini, mmoja juu katikati. Nainyanyua kwa kidole, inapanda, naachia... haidondoki! Inabaki palepale. Nairudisha chini taratibu, cheki hako kacheni ka pembeni, kalikuwa kamelegea, sasa kamekaza. Yaani kwenye trekta ya sentimita 18 wameweka mpaka pini za kufungia, ndogo kama punje ya ulezi, unaichomoa kwa kibanio, unapachika plau, unairudisha. Jamani nimefurahi!

Na siyo urembo huu, hii mikono mitatu ndo stori yote ya Harry Ferguson, mvumbuzi aliyeipa trekta hii jina. Kabla yake plau ilikuwa inaburutwa tu nyuma kama tela, sasa ikinasa kwenye kisiki, matairi ya nyuma bado yanasukuma, pua inanyanyuka, trekta inampindukia dereva, na zile trekta za Fordson za 1917 zilijulikana sana kwa hilo, watu walikufa. Ferguson akaifunga plau sehemu tatu ikawa kitu kimoja na trekta. Oneni, nashika ncha ya plau naivuta nyuma, najifanya mimi ndo udongo mgumu, mkono wa juu umeenda wapi? Umesukuma mbele! Kwa hiyo pua inabaki chini, na msukumo huohuo kwenye trekta ya kweli ndo unaifanya haidroliki, ule mfumo wa kunyanyua kwa nguvu ya mafuta, inyanyue plau kidogo mpaka mzigo upungue. Ngoja nirudie kwa upande huu, mwanga ni mzuri zaidi... mmeona?

Ndo maana katrekta ka tani moja na kidogo kaliweza kulima vile. Kule Coventry, Uingereza, zilitoka zaidi ya 500,000 kati ya 1946 na 1956, na Edmund Hillary, yule mpanda milima wa New Zealand, alifika nazo Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958, wamezifunga mikanda kama ya kifaru kuzunguka magurudumu. Na nenda shambani leo, Mbeya, Eldoret, popote, trekta mpya kabisa, nyuma yake utakuta mikono hiihii mitatu. Sasa mtu ananiuliza kwa nini sinunui zile za 1:32, ni bei rahisi na zinajaa nyingi kwenye plaiwudi moja. Ni kweli, ila nyingi nilizoshika nyuma pamegandishwa, na makumbusho ambayo mashine haioneshi ilivyofanya kazi mi naona ni kabati la vitu vya kuchezea tu.

Bei sasa. Hapa pananiuma. Plau haimo kwenye boksi, unanunua kivyake, halafu kuna usafiri, kuna ushuru, ukijumlisha hiyo hela unapata za 1:32 mbili au tatu. Wakati nafungua boksi nilikuwa nimeshaamua nawaambia msinunue. Lakini... tazama hii. Inapanda, inakaa. Kama unajenga ya kuonesha watoto wa shule, nunua moja hii, hizo nyingine subiri.

Halafu habari za chaneli, kona inayofuata ya makumbusho ni Kongwa, kule Dodoma, ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Walileta mpaka vifaru vya Sherman vya vita vilivyogeuzwa matrekta, vikaitwa Shervick, na mimi nataka kuijenga hiyo Shervick kutoka kwenye seti ya plastiki ya kuunganisha kifaru, ng'oa mzinga, kata bodi yote ya juu. Kwa hiyo kama kwenu kuna picha ya zamani ya Kongwa yenye hizo mashine nitumieni, hasa upande wa kiti cha dereva, kabla sijaanza kukata plastiki.