Mashine za gemu za mtumba Dodoma: ipi uanze nayo, ipi uiache mezani

Kabla ya kuuliza bei, ipindue mashine usome lebo iliyo chini yake. Wanunuzi wengi kwenye meza za mitumba, iwe Sabasaba au Majengo, hukagua mikwaruzo ya kava tu, na hapo ndipo hela inapopotea. Lebo inakuambia mashine ilitengenezwa kwa umeme wa nchi gani. Wetu ni volti 230. Iliyotoka Uingereza au Ulaya utaichomeka bila wasiwasi. Ya Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, na ukiichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha umeme, pawa saplai inaweza kuungua.

Kwenye PlayStation 2 namba huanza na SCPH. Tazama tarakimu ya mwisho: 0 ni Japani, 1 Marekani, 3 Uingereza, 4 Ulaya bara. Tafuta 3 au 4. Tarakimu hiyo inahusu diski pia, kwa sababu mashine isiyowekewa chipu ya kuvunja kizuizi cha ukanda husoma diski halisi za ukanda wake peke yake.

1. PlayStation 2 nyembamba

Hii ndiyo chaguo langu la kwanza, na sababu kubwa ni vumbi. Kiangazi cha Dodoma kinapeperusha vumbi hadi ndani ya kabati, na lenzi ikishafunikwa, diski hazisomeki. PS2 nyembamba, iliyotoka mwaka 2004, inafunguka mfuniko kwa juu, kwa hiyo lenzi unaiona kwa macho na unaifuta mwenyewe kwa pamba yenye spiriti kidogo. Ile kubwa ya mwaka 2000 ina trei, na kuifikia lenzi yake ni lazima fundi afungue skrubu. Tena PS2 ziliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani kabla utengenezaji haujakoma mwaka 2013, ndiyo maana padi, lenzi na memori kadi bado zinapatikana.

Chagua namba zinazoanza na 70 hadi 79, yaani mfululizo wa 70000 hadi 79000. Hizo zina adapta ya nje ya volti 8.5, na adapta ikifa unabadilisha adapta tu. Kuanzia 90000 pawa saplai ilirudishwa ndani, kwa hiyo SCPH-90001 ya Marekani ni ya kuogopa hapa kwetu.

Muuzaji aiwashe mbele yako, na usiridhike na diski moja. Gemu za PS2 zilitoka kwenye CD, ambazo chini yake ni za buluu, na kwenye DVD za rangi ya fedha. Lenzi iliyochoka huweza kusoma aina moja na kuikataa nyingine. Jaribu zote mbili, kisha jaribu matundu yote mawili ya padi. Hifadhi gemu kwenye kadi, zima, washa, uone kama bado ipo. Muuzaji anayekataa majaribio hayo, mwache na mashine yake.

2. PlayStation 3 nyembamba

Ukiwa na TV bapa isiyo na tundu la AV, hii inapanda hadi nafasi ya kwanza, maana kila PS3 ina HDMI. Gemu zake karibu zote hazibagui ukanda. Chukua ya mwaka 2009 kuendelea; zile nene za mwanzo hupata joto sana, zikawaka taa ya njano na kufa. Ila PS3 nyembamba haisomi diski za PS2.

3. Mashine za kaseti

Nyingi ni nakala za Nintendo ya Japani ya mwaka 1983. Usiamini kaseti inayojinadi kuwa na maelfu ya gemu, ni chache zinazojirudia. Lakini hazina lenzi, na kwa mtoto anayeanza zinatosha kabisa. Meno ya kaseti yasafishe kwa spiriti, usiyapulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu.

4. Xbox 360

Za miaka ya mwanzo, 2005 hadi 2007, ziache: taa tatu nyekundu ndicho kifo chake. Ya mwaka 2010 ni bora zaidi, ila usiisogeze mashine wakati diski inazunguka, diski itakwaruzika mduara mzima.

Ukifika nyumbani

PS2 huonekana vizuri zaidi kwenye TV ya chogo. Kwenye bapa picha inakuwa na ukungu, na hilo si ubovu. Waya wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Picha ikitoka bila rangi, mara nyingi mashine inatoa NTSC (mfumo wa rangi wa Marekani na Japani) na TV inajua PAL tu (mfumo wa Ulaya na wa kwetu), kwa hiyo badilisha mfumo kwenye menyu ya TV kabla ya kumlaumu muuzaji. Acha nafasi nyuma ya feni, na funika mashine kwa kitambaa ikishapoa. Umeme ukikatika, chomoa plagi, na usubiri dakika chache baada ya kurudi ndipo uchomeke tena.