Fransisko wa Caravaggio: picha njema, nakala za kuchunguza

Picha hii ya mchoraji Mwitaliano Caravaggio, ya mwaka 1595 hivi, rangi za mafuta juu ya turubai, inamwonyesha Mtakatifu Fransisko wa Assisi akipata madonda ya Yesu; iko kwenye jumba la sanaa la Wadsworth Atheneum, Hartford, Marekani. Si kubwa: kimo kama sm 93, upana sm 128. Serafi, yule malaika wa mabawa sita wa kwenye masimulizi, hayupo; malaika kijana amempakata mtakatifu, na mpasuko mdogo kifuani, kwenye joho, ndio donda. Ufundi wote uko hapo. Nyuma gizani yumo Ndugu Leo, mtawa mwenzake, haonekani kwa urahisi. Vanishi ikiakisi taa humwoni kabisa, basi sogea pembeni hatua mbili. Nakala za kuchapwa ndizo balaa: wino mweusi ukizidi, mandhari yote huwa lami. Kabla hujalipa, tafuta mwanga hafifu kwenye upeo wa macho. Usipouona, achana nayo.