Meskel Square, Addis Ababa: fika alfajiri, na usiondoke bila kuingia makumbusho

Nilikuwa na karibu siku nzima ya kusubiri ndege ya kuunganisha, nikaona nisiimalizie kwenye viti vya uwanja wa ndege. Kutoka uwanja huo, unaoitwa Bole, kuna barabara moja kubwa inayokufikisha Meskel Square bila kona nyingi. Dereva aliniambia wakimbiaji huanza saa kumi na mbili, nami sikuhitaji kugeuza hesabu: Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, tangu jua linapochomoza.

Na kweli niliwakuta. Uwanja una ngazi ndefu zilizopinda mfano wa nusu duara. Watu wanakimbia ngazi moja kutoka ncha hadi ncha, wanapanda ya juu yake, wanarudi. Wazee wapo, wasichana wa mitandio wapo, na vijana ambao ukiwatazama hatua tu unajua riadha ndiyo kazi yao. Ukitoka pwani usiwafuate kwa pupa. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na pumzi inakata haraka. Mimi nilikaa nikawatazama, na nafsi ilitulia kabisa.

Ukarabati uliokamilika 2021 umeuacha uwanja safi, na magari yamepata maegesho chini ya ardhi. Kivuli ndicho adimu. Ikifika saa nne jua linachoma ingawa hewa ni baridi, kwa hiyo beba kofia na maji. Mwishoni mwa Septemba ndipo huwashwa moto mkubwa uitwao Demera, wa sikukuu ya Msalaba (Meskel) iliyoupa uwanja jina. Natamani nirudi wakati huo.

Lakini kilichonibakia moyoni ni jumba la makumbusho lililo pembeni, la waliouawa katika Ugaidi Mwekundu, kampeni ya mauaji ya Derg, utawala wa kijeshi wa Ethiopia miaka ya 1970. Lilifunguliwa 2010. Nje kuna sanamu ya wanawake watatu. Hakuna kiingilio, kuna sanduku la mchango tu. Mwaka 1977, kwenye uwanja huohuo, wakati huo ukiitwa wa Mapinduzi, Mengistu, kiongozi wa Derg, alivunja chupa zenye maji mekundu kama damu mbele ya umati, na mauaji yakazidi. Ndani kuna kuta zilizojaa picha za vijana, na makabati ya vioo yenye mifupa na nguo zilizofukuliwa makaburini.

Mzee aliyenitembeza alifungwa enzi hizo. Kwenye kabati moja alisimama muda mrefu mbele ya shati lililofifia, akaufuta ukungu wa pumzi yake kwenye kioo kwa kiganja, kisha akaendelea kunieleza kwa sauti ileile ya upole. Nilishindwa kumuuliza lolote.

Uwanja naupa nyota nne, kwa sababu ya kivuli. Makumbusho tano. Tenga saa mbili, na mwache mzee aongee bila kumharakisha.