Manchester by the Sea: filamu ya msiba isiyomharakisha mfiwa

Filamu nyingi za msiba zilishanichosha. Mtu anafiwa, analia, anatokea wa kumfariji, na kabla majina ya waigizaji hayajapanda ameshapona. Manchester by the Sea, iliyoandikwa na kuongozwa na Kenneth Lonergan mwaka 2016, haimharakishi mfiwa hata kidogo. Ndiyo maana naipenda kuliko zote za aina yake nilizowahi kutazama.

Lee Chandler (Casey Affleck) anafanya kazi za matengenezo kwenye majengo ya kupangisha karibu na Boston, Marekani. Anazibua vyoo, anaondoa theluji mlangoni, jioni anarudi kwenye chumba chake peke yake. Anapigiwa simu kuhusu kaka yake Joe, mgonjwa wa moyo, na anafika hospitali Joe ameshakata roho. Kwa mwanasheria ndipo anapojua kuwa marehemu amemwachia ulezi wa mwanawe Patrick, kijana wa miaka 16. Hakuulizwa. Na mji anaotakiwa kurudi kuishi ndio ule ule alikofiwa na watoto wake. Walikufaje, siwaambii.

Kinachonishika zaidi ni Patrick. Ardhi imeganda kwa baridi, haichimbiki, kwa hiyo mwili wa baba yake unahifadhiwa kwenye barafu mpaka majira ya kuchipua. Kijana anaonekana yuko sawa tu: ana bendi yake, ana mpira wake wa magongo, ana wasichana wawili wasiojuana. Usiku mmoja anafungua friza, pakiti za kuku zinaporomoka. Anazirudisha, zinaporomoka tena, na hapo pumzi inamkata, analia kama mtoto mdogo. Baba yake mdogo hajui kubembeleza. Anachofanya ni kukaa chumbani mle na kukataa kuondoka mpaka kijana atulie. Mimi nilifiwa na ndugu nikiwa kijana, na najua kilio huja hivyo hivyo, si kaburini bali mbele ya kitu kisicho na maana yoyote.

Halafu kuna Michelle Williams, anayeigiza mtalaka wa Lee. Wanakutana barabarani, yeye akisukuma kitoto chake kipya kwenye kigari. Anaomba msamaha, maneno yanagongana, hakuna anayemaliza sentensi, na Lee anashindwa kuyapokea anayoambiwa. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na bado inaniumiza.

Affleck alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, na Lonergan ya muswada bora wa filamu. Ya Lonergan ilistahili hata zaidi, kwa sababu watu wake wanazungumza kama watu, wanagombana kuhusu gari limeegeshwa wapi huku maiti ikisubiri kuzikwa.

Lawama yangu ni muziki. Kwenye tukio zito kuliko yote wameweka ile Adagio inayojulikana kwa jina la Albinoni, muziki wa ala wa polepole na wa huzuni, kwa sauti kubwa mno, wakati nyuso zilitosha kabisa. Pia hadithi inarukia miaka ya nyuma bila kuaga. Ukiinuka kidogo tu, utapotea. Ni zaidi ya saa mbili, na matusi ni mengi, msiiweke watoto wakiwa sebuleni. Na kama umezika mtu wako juzi juzi, iache kwanza. Itazame utakapokuwa na wa kukaa naye.