Kamera Yako Inakata Roho? Kabla ya Kuchagua Nyingine, Ikague Hiyo Kwanza

Sikiliza hapa. Tak. Huo ulikuwa mlio mzima. Sikiliza tena. Ta... Umesikia? Umekwama katikati, na kwenye skrini limeruka neno Err, yaani hitilafu. Hiyo ni shata, pazia la ndani la kamera linalopitisha mwanga, na imechoka. Kamera yangu hii imepiga harusi, mahafali na watoto wa jirani mpaka rangi imetoka pale kidole gumba kinapokaa. Kampuni yake siitaji, maana kuchakaa si kosa la mtu.

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo hatufungui boksi kwa shangwe. Hapa mezani nina kamera nne zinazogombea nafasi ya mgonjwa huyu: Canon EOS R50, Nikon Z50II, Sony a6700 na Fujifilm X-S20. Zote zina sensa (kile kibamba kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa kati uitwao APS-C, na zote hazina kile kioo cha ndani kinachoruka ukipiga picha. Ukiniuliza ipi nzuri, na mimi nitakuuliza: hiyo inayokufa umekuwa ukiitumiaje? Jibu limo kwenye picha ulizokwisha kupiga, na leo nitakuonyesha namna ya kulitoa humo.

Lakini kwanza tuhakikishe ni kweli inakufa, kwa sababu watu wanazika kamera hai. Ukiona madoa meusi yanakaa mahali palepale kila picha, hasa ukibana tundu la lenzi hadi f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), hilo ni vumbi kwenye sensa. Linasafishwa, mambo yanaendelea. Picha zikiwa kama zimepigwa nyuma ya ukungu, mulika ndani ya lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu, na kamera yenyewe haina hatia. Err ikija kwenye lenzi moja tu na nyingine zinafanya kazi, futa zile pini ndogo za chuma nyuma ya lenzi kwa kitambaa kikavu kabla hujalia. Lakini ukiona bendi nyeusi imekatiza picha upande mmoja, au nusu ya picha haipo kabisa, hapo ni shata. Shata ni mapazia membamba yanayofunguka na kufunga kwa kasi ya ajabu, na yana umri. Nikon D5600 ilipimwa kwa mafyatuo 100,000, D850 kwa 200,000, na Canon EOS-1D X Mark III kwa 500,000. Namba hizo si tarehe ya kifo. Nyingine zinapita mbali, nyingine hazifiki. Ila ikishaanza kukwama namna hii, usiende nayo kwenye kazi ya mtu.

Haya, sasa tufanye uchunguzi.

Kila picha ya dijitali inabeba maelezo yake ndani: lenzi ilikuwa milimita ngapi, yaani inavuta kiasi gani, tundu lilikuwa wazi kiasi gani, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ngapi, spidi ya shata ngapi. Yanaitwa EXIF. Programu ya Lightroom inakuchujia, na programu ya bure ya ExifTool inayatoa yote. Chukua picha ulizozipenda tu, zile ulizompa mteja au ulizochapisha, uzitazame kwa wingi wake. Usichukue zote, kwa sababu picha za kujaribu jaribu zitakudanganya.

Za kwangu zimenipa sura hii. Nyingi ziko kati ya milimita 35 na 50. ISO ni 3200 kwenda juu. Spidi ya shata inang'ang'ania 1/60, na tundu ni f/5 au f/5.6, yaani lenzi ile ya kawaida ya 18-55 iliyokuja na boksi, imefunguka mpaka mwisho wake. Huyo ni mtu anayepiga watu wanaotembea, ndani ya kumbi zenye taa hafifu. Mtu huyo hahitaji megapikseli 40. Anahitaji mwanga.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kutoka f/5.6 kwenda f/2.8 ni mwanga mara nne. Maana yake palepale ukumbini ISO 3200 inashuka hadi 800, chenga zote zile za rangi zinapungua. Au unabaki na ISO yako na spidi inapanda kutoka 1/60 hadi karibu 1/250, na bibi harusi anayecheza anatoka bila ukungu. Ukienda f/1.8 unapata karibu mara kumi ya f/5.6. Hakuna kamera mpya yenye sensa ya ukubwa uleule itakayokupa mara kumi. Kwa hiyo wapo watu wanaonitazama sasa hivi ambao kamera yao ni nzima, wanataka tu kubadilisha, na wanachokosa ni lenzi ya 50 yenye f/1.8. Ninyi zimeni video hii, nendeni mkatafute lenzi.

Wewe ukikuta picha zako nyingi ziko milimita 200 na 300, ni ndege au mpira, basi angalia zaidi otofokasi (kamera kulenga yenyewe) na kasi ya kufyatua mfululizo. Ukikuta ziko 18 na zote ziko kwenye ISO 100, wewe ni mtu wa mandhari na majengo. Karibu kamera yoyote hapa itakufaa, nunua tripodi nzuri. Kuhusu megapikseli sitakaa sana. Picha ya megapikseli 24 ina nukta 6000 kwa 4000, na ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi inakupa inchi 20 kwa 13. Mara ya mwisho kuchapisha kubwa kuliko hapo ilikuwa lini? Haya.

Sasa tuje kwenye mzigo wa lenzi ulizonazo, na hapa ndipo watu wanapoliwa. Kama mgonjwa wako ni Canon ya kioo, una bahati. Lenzi zote za EF, zile za kamera za kioo za Canon, tangu zilipoanza 1987, zina mota ya kulenga ndani yake, kwa hiyo ukiweka adapta ya EF-EOS R kwenye bodi mpya (kamera bila lenzi) zinalenga zenyewe, na EF-S, zile za sensa ya APS-C, pia. Kama ni Nikon, kuna adapta ya FTZ II, ila soma maandishi kwenye lenzi. Ikiandikwa AF-S au AF-P, inalenga. Ikiandikwa AF-D, ujue lenzi hizo zilitegemea bisibisi ya mota iliyokuwa ndani ya kamera, na adapta haina mota hiyo. Itashika, itapima mwanga, lakini kulenga ni kwa mkono wako. Mtu ana lenzi tatu za AF-D, ananunua bodi mpya, anafika nyumbani ndipo anagundua.

Na wale watakaouliza mbona sijaweka sensa kubwa ya fremu kamili, ile ya milimita 36 kwa 24: ni nzuri, eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya hizi, na gizani inaonekana. Lakini ukichukua Canon R8 na kuipachika lenzi zako za EF-S, kamera inakata picha katikati yenyewe na kukuachia kama megapikseli 9 kati ya 24. Fremu kamili inataka lenzi zake, na lenzi zake ni nzito. Kama begi lako limejaa lenzi za EF zenyewe, sio EF-S, hapo tuzungumze.

Mezani sasa. Tuanze na R50. Jamani, hii ni nyepesi! Gramu 375 pamoja na betri na kadi. Megapikseli 24, otofokasi inashika jicho na hailiachi, video ya 4K inatumia upana wote wa sensa bila kukata pembeni. Kwa mtu anayetoka kwenye simu ni nzuri mno. Lakini mtu anayebadilisha kamera ana vitu vyake vya zamani, na hapa juu pana jambo. Tazama kiatu cha flashi, pale flashi inapochomekwa. Zile pini za zamani hazipo. Flashi yako ya zamani na trega zako za kuiwasha kwa mbali zinahitaji kwanza adapta ya AD-E1. Tena kituliza mtikisiko ndani ya bodi hakuna, na gurudumu la mipangilio ni moja tu, basi kila nikitaka kubadilisha tundu na spidi kwa pamoja vidole vinagongana. Kwa kazi za harusi, hapana.

Nikon Z50II. Mshiko wake ndio ninaoupenda kuliko zote hapa; vidole vyote vinapata pa kukaa, na ina gramu 550, unahisi umeshika kitu. Kidirisha cha kuchungulia kinang'aa vizuri hata juani. Ina flashi ndogo yake, tundu la maiki na la spika za masikioni. Sensa ni megapikseli 20.9, na usiidharau kwa hilo, maana prosesa yake ya EXPEED 7 ndiyo ileile iliyomo kwenye Z8 na Z9, na inavyotambua watu, ndege na wanyama inaonekana ni damu moja. Kasoro? Kituliza mtikisiko ndani ya bodi hakipo, na betri yake ni ndogo. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, haifiki picha 300. Siku ya harusi nzima beba tatu. Kama una AF-S zako nzima, simama hapa, usisikilize tena.

X-S20 na a6700 nitazizungumzia pamoja kwa sababu ndizo zilizonikosesha usingizi. Uzito karibu sawa, gramu 491 na 493. Zote mbili zina megapikseli 26, zote zinatuliza mtikisiko wa mkono ndani ya bodi. (Kumbuka, kituliza mtikisiko kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza. Hilo ni kazi ya spidi ya shata.) Fujifilm betri yake inafika kama picha 750 kwa chaji moja, Sony kama 570. Fujifilm rangi za JPEG zinatoka tayari, ngozi za watu weusi zinabaki na joto lake, huna haja ya kukesha kwenye kompyuta. Kwa video ndefu, Fujifilm ina feni ya kupachika nyuma, inauzwa kando. Sony haina, na bodi ndogo ikirekodi 4K ya fremu 60 kwenye ukumbi wenye joto lazima ipate moto.

Kwa hesabu hiyo Fujifilm ilipaswa kushinda, eti? Sasa tazama hizi klipu mbili. Watu wale wale, taa zile zile. Bwana harusi anakuja mbele, mtu anakatiza na simu yake. Fujifilm inamfuata aliyekatiza, inababaika, inarudi. Sony imemng'ang'ania bwana harusi kana kwamba huyo mwingine hakupita. Rangi naweza kurekebisha nyumbani. Picha iliyolenga mtu asiyehusika siwezi kuifanya chochote.

Kuna na suala la lenzi. Kwenye mdomo wa E wa Sony, yaani pale lenzi inapopachikwa, lenzi za kampuni nyingine ni nyingi, na ile Sigma ya 18-50 yenye f/2.8 mwanzo mwisho ndiyo dawa ya ugonjwa tuliousoma kwenye EXIF. Haki itendeke: Sigma hiyo ipo ya Fujifilm pia, na tangu 2024 ipo ya Canon RF, mdomo wa Canon zisizo na kioo. Kwa hiyo hata mwenye R50 anaweza kuipata.

Haraka haraka kuhusu kadi, kwa sababu najua utachomeka ileile ya zamani. Kamera huandika kasi ya video kwa megabiti, kadi huandikwa kwa megabaiti. Gawa kwa nane. Video ya megabiti 200 kwa sekunde ni megabaiti 25, kadi ya V30 (inayohakikisha megabaiti 30 kwa sekunde) inatosha. X-S20 ukiipandisha hadi megabiti 360 ni megabaiti 45, hapo V30 haina uhakika, tafuta V60. Na hizi nne zote zina nafasi ya kadi moja tu. Wanaotaka kadi mbili kwa usalama wa kazi za watu, na nawaelewa kabisa, wamwangalie kaka wa R50, Canon R7: kadi mbili, kituliza mtikisiko ndani ya bodi, megapikseli 32.5. Huyo na lenzi zako za EF ni ndoa nzuri.

Na wanaosema, "Mimi nataka kioo changu nilichozoea"? Canon na Nikon hazijatoa DSLR mpya, yaani kamera ya kioo, tangu 2020, kwa hiyo utanunua ya zamani au iliyokwisha kutumika. Si dhambi. Lenzi zake zimejaa na bado zinapiga. Ila mwombe muuzaji akupe picha moja aliyoipiga siku hiyohiyo, faili halisi kutoka kwenye kadi, si iliyopitia WhatsApp. Nikon huandika idadi ya mafyatuo ndani ya faili. Ifungue kwa ExifTool uisome mwenyewe. Kisha piga anga jeupe kwa f/16 utafute madoa, na piga kwa spidi ya juu kabisa, 1/4000 au zaidi, uone kama mwanga uko sawa juu na chini. Shata inayochoka mara nyingi hujifichua kwenye spidi za juu kwanza.

Mimi nachukua a6700 na Sigma ya 18-50. Mgonjwa huyu atabaki kwenye tripodi kupiga vitu visivyotembea mpaka mapazia yake yagome kabisa. Video ijayo nitaiwasha Sony ukumbini na taa zikiwa zimezimwa nusu, tuone ISO 6400 yake ina chenga kiasi gani. Tuonane huko.