Bampa iliyobonyea: nimejaribu maji ya moto, mashine ya hewa moto na gundi

Bampa ya nyuma ya Premio yangu ilibonyezwa na bodaboda kwenye foleni ya malori pale Malaba, upande wa kulia, chini kidogo ya taa. Shimo lilikuwa pana kama sahani ya ubwabwa, lakini rangi haikupasuka. Mwenye boda alikwisha kupenya katikati ya malori kabla sijafungua mlango. Fundi wa bodi hapa Tororo, Uganda, aliitazama akiwa amesimama tu, wala hakuinama kuangalia kwa ndani. "Mzee, hii tunaitoa, tunapiga pati, tunapuliza rangi bampa nzima. Shilingi 250,000." Pati ni ule uji mzito wa kuziba mabonde, ambao hukauka ukawa mgumu kabla ya rangi. Nikamwambia nitampigia simu.

Nilikuwa nimesikia kwamba maji yanayochemka yanatosha kuinyoosha, na nilikuwa na mashaka. Bampa hii inakaa kwenye jua la Tororo mwaka mzima bila kulegea, sasa sufuria ya maji itaifanya nini? Nimeshaifanya kazi hiyo, na jibu langu ni kwamba kwa bonde lisilo na ufa wala mkunjo mkali, maji yanashinda vitu vyote nilivyonunua dukani.

Kabla ya kuwasha jiko, chungulia nyuma ya bampa. Kuna herufi zilizochorwa kwenye plastiki yenyewe. Ukikuta PP (plastiki iitwayo polipropilini), au PP ikifuatwa na herufi nyingine, uko salama. Kwenye Toyota unaweza kukuta TSOP, ambayo ni ya ukoo huohuo wa PP. Plastiki hizi hulainika zikipata joto na kuwa ngumu tena zikipoa, na zina tabia ya kutaka kurudi kwenye umbo zililotoka nalo kiwandani. Zile bampa za mapambo za faiba ni habari nyingine. Faiba haibonyei, inavunjika, na maji ya moto hayatakusaidia kitu.

Sasa kazi yenyewe. Shida si maji, shida ni mkono kufika nyuma ya shimo. Kwenye Premio nilifungua skrubu na klipu za pembeni kwenye upinde wa tairi, pamoja na zile za chini, nikaivuta kona ya bampa kiasi cha kupitisha mkono. Sikuitoa yote. Klipu za gari lililotembea barabara zetu za vumbi zinakatika ovyo, kwa hiyo nunua mpya kabla ya kuanza. Gari lenye vihisi vya kurudi nyuma, chomoa waya zake kwanza.

Mke wangu alichemsha maji kwenye sigiri, sufuria kubwa na birika kwa pamoja, ili moja likiisha jingine liwe tayari. Hapa tulipo, juu kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzi 96 hivi, na hayo yanatosha kulainisha PP bila kuiyeyusha, maana yenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 165. Huo ndio uzuri wa maji: hata ukizembea, hayawezi kuchoma rangi. Yanaweza kukuchoma wewe, hilo ndilo la kuogopa. Vaa glavu nene za kazi, na juu yake za mpira, halafu mwagiaji amwage taratibu kutoka juu ya bonde wakati mkono wako haujaingia. Watoto wakae mbali.

Usisukume mapema. Sufuria ya kwanza yote ni ya kupasha moto tu. Ukigusa pembeni ukaona plastiki inaitika, ingiza mkono na usukume kwa kiganja au kwa mpini wa jembe uliofungwa tambara, kuanzia ukingoni kwenda katikati. Watu wengi husukuma katikati kwanza, na hapo ndipo linabaki tuta dogo ambalo huwezi kulifuta. Langu lilianza kwa kusitasita, nikaongezewa maji ya birika, mara likatoka kwa mlio wa "pwa!" hadi jirani akaja kuuliza kulikoni. Likishatoka, mwagia maji baridi palepale huku umelishikilia. Ukiliacha lipoe lenyewe linaweza kurudi ndani kidogo.

Gharama: makaa ya sigiri na pakiti ya klipu. Alama iliyobaki ni mstari mwembamba unaoonekana jua likipiga kwa upande. Mimi siuoni tena.

Kile kikombe cha mpira cha kunyonya wanachouza kwenye maduka ya vipuri, hifadhi pesa yako. Kinahitaji sehemu laini iliyonyooka, na bampa imejaa mikunjo. Changu kilishika, kikaachia, kikashika tena, kikaachia. Sasa kinatumika kuinulia vigae.

Mashine ya hewa moto niliinunua kwa ajili ya Noah ya shemeji, iliyobonyea chini kabisa ambako maji yanateleza kabla hayajafanya kazi. Inafanya kazi, na kwa haraka kuliko maji, lakini inataka mtu makini. Hewa inayotoka mdomoni mwake inafika nyuzi 500 na zaidi, kwa hiyo ukiisimamisha mahali pamoja rangi inatoa malengelenge, na plastiki isiyo na rangi inang'aa na kupoteza ule ukwaruzo wake. Ishike mbali kidogo, izungushe bila kusimama, na ukiweza ipulizie kwa nyuma. Umeme nao si wa mchezo: mashine ya wati 2,000 inakula yuniti nzima ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa nusu saa. Kama saluni ya jirani ina draya kubwa na mwenyewe ni mtu mzuri, jaribu hiyo kwanza.

Noah ilikuwa na ufa pia, na hapo ndipo watu wanapoteza pesa. Gundi ya supa haishiki PP. Inakauka, unafurahi, barabara ya kwanza yenye mashimo inaachia. Fundi mmoja alitaka kuuziba kwa kipande cha jerikeni alichokiyeyusha kwa chuma cha moto. Nilimzuia. Geuza jerikeni uangalie namba iliyo ndani ya pembetatu, mara nyingi ni 2, plastiki tofauti kabisa ambayo haichanganyiki na PP. Unachotaka ni namba 5, yaani PP, na bora zaidi ni kipande cha bampa iliyovunjika, ambacho gereji yoyote itakupa bure. Tulizika pini za chuma zilizopashwa moto kwa upande wa ndani kukatiza ufa, tukayeyusha vipande hivyo juu yake, tukapiga msasa. Shemeji ameendesha Noah hadi Mbale na Soroti na ufa haujafunguka.

Rangi mwachie fundi. Kopo la kupuliza halitalingana na gari lililopigwa jua kwa miaka, hasa la fedha au la lulu. Mpe tu namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha gari, langu ni 1C0, ili asikisie kwa macho. Na kama bampa yako imewahi kupigwa pati na mwenye gari wa zamani, gongagonga kwanza usikilize mahali penye mlio mzito. Hapo usimwage maji: plastiki itanyooka, pati itapasuka vipandevipande, na zile 250,000 utazilipa tu.